Kitunga ya Simu za Kilio

"Usiguse! Nakuambia usiguse iyo kibutoni, wewe dada..."

"Valens, achia mukono yangu! Nataka kuizima na kuiwasha tu, haina..."

"Njo tabia yenu watu wa Ngungu! Munazima, munawasha, munasema 'muone, iko inatembea muzuri', halafu kosa inabakia kwa Valens!"

"Na ibakie kwa nani? Ufunguo ya sanduku ya mulima inatundikwaka ku mulango ya nani? Sirene haikulia, mulinzi wa sirene ni wewe, na uko na nguvu ya kunipigia tena kelele..."

"Mutoto wangu alifia mu udongo, Estelle! Kelele gani?"

Pale Estelle alishusha macho. Lakini mukono yake haikutoka ku mashini, na mikono ya Valens, yote mbili mu pingu moja, haikutoka ku mukono ya Estelle. Walibakia vile, kama watu wenye kugombania kuku.

OPJ Mukamurenzi, mupelelezi wa polisi, alikuwa amekaa ku banki ya watoto wa mwaka ya sita, magoti karibu na kidevu, anakula kiazi. Aliwaacha wagombane. Miaka yote ya kazi ilimufundisha kama watu wawili wenye kugombana wanasemaka mingi kuliko watu wawili wenye kuulizwa, na hawaombake avoka wa kuwatetea.

"Mumemaliza?" aliuliza.

"Bado," Valens alisema.

"Basi muendelee. Niko na kiazi ingine."

Inje, watu wa Kalembe walikuwa mu kiwanja ya masomo tangu asubui. Walisimama bila kelele, na iyo njo ilikuwa inamusumbua. Watu wenye kupiga kelele wanachokaka. Hawa walikuwa wanashika majembe yenye ilitoka kufukua maiti, na hakuna mwenye alisafisha yake.

Siku tatu mbele ya pale, mulima iliteremuka. Mvua ilikuwa inanyesha, na kijiji karibu yote ilikuwa ngambo, ku kanisa, ku kilio ya muzee Kanyamibwa. Wenye walibakia ku nyumba ni wamama wenye kupikia watu wa kilio, na watoto, na mugonjwa moja. Wanane walikufa. Umuhoza, binti wa Valens, walimukuta na mwiko ya maharagwe ingali mu mukono.

Na sirene yenye iko juu ya bati ya masomo, yenye iliwekwa pale kwa kazi moja tu, ile ya kuita watu wakimbie, haikusema hata neno moja.

Kwa watu wa inje, mambo ilikuwa wazi. Mulinzi wa sirene ni Valens. Ufunguo iko kwa Valens. Valens alikuwa anasema kila fasi, hata ku kanisa, kama iyo sirene itawafukuzisha ku udongo ya baba zao. Sababu ilikuwa hivi: wakubwa walishakata shauri kama mulima ikiita nyekundu, ile hatari kubwa, na sirene ikilia mara tatu, Kalembe inafungwa, na kila muntu anapelekwa Itebero, mu pori. Nyekundu ilishalia mara mbili. Ya tatu njo ilikuwa inangojewa.

Jeep ya OPJ ilikuwa chini, ku muto. Mbele jua haijaenda, lazima Valens ashuke kule, na njia ilipita katikati ya yale majembe. Mukamurenzi alikuwa na polisi wawili na bunduki moja, na hata iyo moja haikuonekana kuwa na hamu. Kama hatakuwa na jina ingine ya kuwapa wale watu, alijua Valens hatafika ku jeep.

"Mama OPJ, kwa kusaidia tu." Ilikuwa mwalimu Edmond, ku meza ya pembeni. Yeye njo alikuwa anaandika PV, karatasi ya maulizo ya polisi, juu karani wa Mukamurenzi alibakia Masisi na malaria, na juu mwalimu alikuwa na maandiko ya kupendeza. Kijana mupole, shemise imepigwa pasi hata mu wiki ya maiti. Aliendaka kusoma informatike, elimu ya kompyuta, Goma, akarudi mbele ya kumaliza wakati baba yake alikufa, na sasa alikuwa anafundisha na kuwachajia watu simu. "Dada Estelle iko na haki. Iyo mashini iko inakula batri ya kanisa, ya paroasi, siku tatu bule. Tuizime, ianze upya. Tutajua kama inatembea."

"Mwalimu, maiti haioshwake mbele ya mimi kuiona. Andika ivyo ivyo."

Edmond alitabasamu kidogo, akaandika.

Ile mangaribi ya mulima, Mukamurenzi alikuwa ku barabara ya Walikale kwa mambo ya ngombe zenye ziliibwa. Alifika Kalembe watu wangali wanachimba. Mashini yeye hajui hata moja. Simu yake yenyewe, anainuaka ikilia, na mambo inaishia pale. Lakini oda yake ya kwanza ilikuwa: iyo kintu iko inawaka, ibakie inawaka, mulete batri ya paroasi, na muntu asiguse.

Alipanguza vidole.

"Mama Estelle, kaa. Wewe njo fundi. Uniambie kama unavyoambia mama yako. Mulima iliona mvua imezidi. Ilifanya nini?"

Estelle alikaa. Alikuwa mwembamba, macho nyekundu, matope ya Ngungu ingali ku buti zake.

"Kuko mashini tatu," alisema. "Moja iko juu ya mulima, mu ile sanduku ya ufunguo, inapima mvua. Iyo njo yenye kuita. Ya pili ni hii, iko na waya ya sirene. Iyo njo inafanyaka. Ya mulima ikiona hatari, inaita hii kwa anteni, inaiambia: fanya Nyekundu."

"Na hii inafanya."

"Hapana. Hii haijue Nyekundu ni nini."

Valens alicheka kicheko mubaya. "Mumesikia? Njo mashini walituletea."

"Ngoja nimalize! Hii iko na kichwa kidogo. Batri yake inakufaka kila usiku, na ikikufa inasahau yote. Asubui inaamuka kama mutoto. Na sisi tunabadilisha kode, maagizo ya mashini, kila wakati. Munataka nitoke Ngungu na pikipiki, na iyo barabara, kila mara nabadilisha mustari moja? Basi tuliifanya hivi: ikiitwa kwa kintu yenye haijue, inaenda kuitafuta yenyewe."

"Inaenda wapi?"

"Mama, ni kama mimi nikutume upike chakula yenye hujaona. Sikupe unga. Nakuandikia tu ku karatasi: unga iko kwa muntu fulani. Unaenda kwake, unachukua, unapika. Mulima inatuma oda, na ku mugongo ya oda kuko adresi. Hii mashini inasoma adresi, inaenda pale na rezo ya anteni, inaleta kode ya Nyekundu, inaingiza mu tumbo, inafanya. Unga iko Ngungu, mu mashini ya tatu."

Mukamurenzi alifikiri. "Na kama mwenye kunipa unga anatia sumu?"

"Utapika tu," Estelle alisema polepole. "Mashini haionjake."

Kalamu ya mwalimu ilisimama. Halafu ikaendelea.

"Ile siku, hii ilienda kuchukua unga Ngungu?"

Estelle aliangalia mikono yake.

"Dada, nimekuuliza."

"Ngungu ilikuwa imezimwa."

Valens aliruka, banki ikaanguka. "Ilikuwa nini?"

"Muzee Kanyamibwa alikuwa prezida wa koperative, Mama, na mashini yetu ya Ngungu iko mu biro ya koperative. Munajua kilio. Hakuna mwenye analima, hakuna mwenye anafungua duka. Sentineri, mulinzi wa Ngungu, alifunga depo, akafunga biro, akazima kila kintu yenye kuwaka, hata ile mashini ya tatu. Aliniambia: hata iyo nayo iko na haki ya kulia muzee. Alifikiri anafanya muzuri. Tuliiwasha tena kesho yake."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku."

"Siku tatu!" Valens aliinua mikono, cheni ya pingu inalia. "Siku tatu niko nafungwa mu choo ya masomo, watu wananitupia mawe ku dirisha, na wewe unajua! Muulize, Mama OPJ, muulize kwa nini anataka kuizima! Anataka kufuta!"

Ilikuwa ulizo ya muzuri. Mukamurenzi alimuangalia Estelle kama mama anaangalia mutoto mwenye kunuka maziwa. Jina ilikuwa pale, tayari, ya kupeleka inje: muntu wa Ngungu, mugeni, alizima. Watu wangeipokea. Majembe ingegeuka tu kidogo, kutoka muntu moja kwenda ku mwingine.

Lakini kuko kintu haikukaa sawa.

"Tuseme natumwa kupika," alisema. "Naenda kwa mwenye unga, mulango imefungwa. Nafanya nini?"

"Unarudi kumuambia mwenye kukutuma. Mashini inarudisha makelele. Inasema: hii kintu umeniomba siijue, na sikuipata. Mustari mingi sana, inajaza kioo yote ya ekra."

"Na mulima inakumbuka yenye ilijibiwa?"

"Inakumbuka yote. Iko na batri ya nguvu."

"Sasa nionyeshe ile siku ilijibiwa nini."

Estelle alifungua ordinatere, kompyuta yake, ku magoti, akaita mulima. Vidole ilikuwa inakosea. Mara mbili alianza upya. Halafu akasoma, akasogea karibu, akasoma tena.

"Haiwezekane."

"Soma."

"Iko neno moja tu." Aligeuzia Mukamurenzi ekra. "Nimefanya."

Mukamurenzi alisukuma maganda ya viazi pembeni.

"Kwa hiyo haikurudi mikono mutupu," Mukamurenzi alisema. "Ilipata unga. Ngungu imefungwa, lakini ilipata unga, ilipika, na ikasema chakula iko tayari. Dada, ile adresi ku mugongo ya oda. Soma iyo nayo."

Iyo Estelle hakuhitaji kuisoma mara mbili. "Ziko mbili. Ngungu njo ya pili. Ya kwanza... hii siijue. Siku ya sirene ya pili haikuwa hapa. Muntu alipanda mulima akaiongeza. Mashini inaanzaka na ya kwanza, ikipata, haiendeke tena ku ingine." Aliinua kichwa. "Ni namba ya hapa hapa, Mama. Ya anteni ya Kalembe."

"Na hii mashini ilikubali tu? Kutoka kwa muntu haijue?"

"Ningeweza kuiwekea kifungo. Ikubali Ngungu peke yake." Sauti ilishuka. "Nilisema nitafanya mvua ikiisha."

Kuko makosa yenye muntu anabebaka mwenyewe, haina haja ya polisi.

"Nani iko na ordinatere Kalembe?"

Ni Edmond mwenye alijibu, bila kuinua macho ku karatasi. "Paroasi iko na moja. Santre de sante, kwa muganga, iko na moja. Na mimi niko na ya kwangu, ya masomo, ile kabati kule. Muiangalie, Mama OPJ. Hata sasa."

Waliiangalia. Ilikuwa imezimwa, na vumbi juu yake. Estelle aliita ile adresi ya kwanza na rezo: kimya. Nyumba ilikuwa na namba, lakini mwenye nyumba alizima taa, na hakuna njia ya kujua ni mulango gani.

"Na ufunguo ya mulima?" Mukamurenzi alimugeukia Valens.

"Inatundikwa ku mulango yangu, inje. Kila muntu anachukua. Wachungaji wa mbuzi wanachukua, juu mule mu sanduku hakuingiake mvua, wanawekaka tumbako."

"Kwa nini hukusema?"

"Mulishaniuliza? Mulinifunga."

Ilikuwa kweli. Mukamurenzi aliita polisi wa mulango. "Nileteeni Mama Françoise."

Mama Françoise aliingia akiwa amefunga kitambaa nyeupe ya kilio. Ni yeye njo anakaaka ku mulango ya kanisa na kitunga. Iyo kitunga ilikuwa na historia. Mwaka ya nyuma, wakati walikuwa wanashusha sanduku ya mama moja mu shimo, simu ya muntu ililia na muziki ya bare ya pombe, sauti ya juu, na muntu mwenyewe hakupata fasi ya kuizima haraka, na kusema kweli watoto wawili walicheza. Tangu pale, washirika wa kanisa walikata shauri: ku kilio, kila muntu anaacha simu mu kitunga, na mupaka sala ya mwisho hakuna mwenye anagusa, hata pasta.

"Nataka kujua nani hakuwa mu kanisa," Mukamurenzi alisema. "Wewe njo unaona wenye kuingia."

"Wote walikuwa, Mama. Wenye kuwa na ordinatere, wote. Pasta alikuwa ku altare. Muganga wa santre alikuwa ku mustari ya mbele. Mwalimu alikuwa anaimbisha korale." Alimuonyesha Edmond na kidevu, na heshima. "Kitunga ilijaa mupaka juu. Hakuna mwenye alitoka. Hata kama simu ilitaka kututoa roho."

"Simu gani?"

"Aa, ni bule. Moja tu mu kitunga. Ilianza kutetemeka. Hailie, lakini inatetemeka, na zingine zinatetemeka nayo, kitunga yote, vvvv, kama kifaranga chini ya masahani. Inanyamaza, inaanza tena. Inanyamaza, inaanza tena. Korale inaimba, mimi jasho inanitoka. Mwalimu aliniangalia na macho mubaya sana, akanionyesha na mukono: funika. Nilitosha kitenge yangu, nikaikunja, nikafunika. Haikusikika tena."

"Ilikuwa wakati gani ya kilio?"

"Mbele ya kusikia mulima. Kidogo tu mbele. Walikuwa wanamaliza wimbo, njo tulisikia ile sauti." Alishika mudomo. Kwa Kalembe hakuna mwenye alikuwa anataja ile sauti.

"Simu ilikuwa ya nani?"

"Mama, simu zinafanana kama mbuzi. Baadaye kila muntu aliingiza mukono akachukua yake, tukakimbia kuchimba."

"Ni kweli," Edmond alisema. "Nilionyesha. Nilifikiri ni vijana wa nyuma." Aliandika iyo nayo.

Mukamurenzi alisimama, magoti ikalia. Alienda ku dirisha. Mawingu ilikuwa inakaa juu ya mulima, nyeusi, na chini yake ile kidonda ya udongo mwekundu yenye haikuwa na jani hata moja. Watu inje walimuona, wakasogea hatua.

Aligeuka. "Dada Estelle. Unga ikishaingia mu tumbo ya mashini. Inatoka lini?"

"Haitoke. Inabakia. Ukiita tena Nyekundu, haiendi tena kutafuta, juu iko nayo. Mupaka batri ikufe ao uizime."

"Batri haikukufa."

"Hapana. Iko ku batri ya paroasi."

"Na hakuna mwenye aliizima."

Estelle aliangalia kibutoni yenye alikuwa karibu kuibonyeza wakati wanagombana. Akaangalia Valens.

"Iko mule ndani," alisema. "Mungu wangu. Ile kode ingali mule ndani."

"Basi tutaiambia ipike tena. Tosha waya ya sirene, watu wasikimbie bule." Mukamurenzi alichukua kitunga ya Mama Françoise, yenye mama alikuja nayo mu mukono bila kufikiri, kama watu wanavyobebaka vintu siku za kilio. Akaiweka ku meza, mbele ya banki za watoto wasiokuwako. "Na simu zetu zote hapa. Kama ku kanisa."

Alianza na yake. Polisi waliweka. Estelle aliweka. Valens hakuwa na simu, walishamunyanganya. Mama Françoise aliweka kadogo kenye kamefungwa na lasitiki.

"Mwalimu?"

"Yangu haina moto, Mama OPJ. Imekufa tangu jana."

"Haina shida. Ikae na wenzake."

"Na watoto wako inje, sijue kama..."

"Mwalimu."

Edmond alitosha simu mu mufuko ya shemise. Aliiweka polepole, ekra chini, kama muntu anaweka yai. Halafu alirudi ku meza yake na akashika kalamu, lakini hakuandika.

"Piga," Mukamurenzi alisema.

Estelle alitosha waya ya sirene, akaiachilia ku dirisha, akaita mulima, na mulima ikaita Kalembe: fanya Nyekundu. Taa kadogo ya mashini iliwaka kijani mara moja. Ku ekra ya Estelle ile neno moja ilirudi. Hakuisoma kwa sauti.

Kitunga ilianza kutetemeka.

Ilikuwa sauti ndogo. Vvvv. Inanyamaza. Vvvv. Simu ya Mama Françoise ilikuwa inarukaruka na lasitiki yake bila sababu, juu ingine chini yake ilikuwa inaisukuma. Mama Françoise alirudi nyuma mupaka mugongo ikagusa tablo ya darasa.

"Ni iyo," alisema. "Ni iyo sauti. Yesu, ni iyo."

Mukamurenzi aliingiza mukono, akapindua moja, akapindua ingine. Alitosha ile yenye haina moto. Ilikuwa inawaka muzuri sana, na ku ekra kuliandikwa neno moja lenye mwenye simu aliandika ku ile namba ili asiisahau: MULIMA.

Alimuonyesha.

"Mwalimu Edmond. Inakuita wewe."

Edmond aliiangalia mupaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Alikuwa bado anashika kalamu.

"Muizime," alisema. "Tafazali."

"Mupaka useme."

"Sikutaka kuua muntu." Ilitoka haraka, kama kintu yenye alishaijifunza kwa moyo. "Sikuikataza kuita. Muangalie kode, dada Estelle ataona! Niliiweka mu ordinatere ya masomo, yenye nilizima ile siku mulima iliteremuka, na niliiambia tu: usipige sirene, piga mimi. Mimi ningekimbia. Nyumba kwa nyumba, ningewapandisha watu wote, mulima ingeshuka bila muntu, na sirene haingelia. Haingehesabiwa. Tungebakia. Baba yangu amezikwa hapa, ku migomba. Kila muntu wa Kalembe iko na yake hapa. Nilifanya juu yetu!"

"Na ile siku ilikupiga."

"Simu ilikuwa mu kitunga."

"Uliisikia."

Edmond aliangalia kitunga.

"Mwalimu, uliisikia. Ulionyesha Mama Françoise afunike."

"Sikujua ni yangu!" Sasa alikuwa analia, shemise ya pasi inalowana. "Wote wanaweka kimya, zote zinafanya ile sauti! Nilifikiri ni ya vijana. Nilifikiri, ni watu gani hawana heshima..."

Mama Françoise alifungua kitenge yake ku kiuno. Aliiangalia kama ni kintu yenye hajawahi kuona. Halafu aliiachilia ianguke chini ku simenti, na hakuiokota.

Mukamurenzi alikuwa na pingu moja tu. Alimuendea Valens, akamufungua, na ile chuma ingali na moto ya mikono yake akaifunga ku mikono ya Edmond. Edmond aliitoa mikono mwenyewe. Ku meza, PV ilibakia wazi, na mustari ya mwisho ya ile maandiko ya kupendeza ilikuwa maneno yake mwenyewe juu ya vijana wa nyuma.

Mvua ilianza. Kwanza ku bati tone moja moja, kama muntu anatupa maharagwe, halafu yote. Inje watu walisogea chini ya paa, karibu na dirisha, na sasa majembe ilionekana ya karibu sana.

"Papa Valens," Mukamurenzi alisema, "utapita mbele na mimi. Mimi njo nitasema. Hakuna mwenye atakugusa."

Valens alikuwa anasugua mikono. Hakuangalia mulango. Hakumuangalia hata Edmond, mwenye alikuwa ameinamisha kichwa kama anangojea kipigo kutoka kwake, na labda alikuwa anaitaka. Mukamurenzi naye aliingoja. Alishajipanga katikati yao.

Valens aliwapita wote wawili. Alienda ku dirisha, fasi Estelle aliachilia waya ya sirene ikining'inia. Muntu huyu, wiki ya nyuma, alisimama mu kanisa akasema Itebero haendi, hata wamubebe na kipoyi ya wagonjwa. Aliokota waya, akapanguza ncha yake na shati, akaileta ku meza ya mashini, akamupa Estelle mu mukono.

"Sasa uizime," alisema. "Uiwashe. Ichukue ya kweli kule Ngungu."

Estelle alimuangalia bila kuelewa.

"Halafu upige nyekundu, dada. Ilie. Ile ya tatu."